Suruali ya Nyuma ya Mlango

Kwenye cherehani, chumba cha mbele,
Nyumba ileile uliyoiacha.
Jumatatu, tarehe 11 Septemba.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Bwana asifiwe, mdogo wangu. Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kila ukitoka kuchomelea vyuma kimepona, au unakificha kama kawaida yako? Unakula? Usinijibu "nakula" kwa sauti ile uliyokuwa ukimjibu marehemu mama huku mbavu zako zikimwambia ukweli.

Sisi tunasukuma siku. Mguu wangu wa kulia, huu unaokanyaga cherehani tangu asubuhi, unavimba kila ikifika jioni, nami nauchua kwa maji ya moto na maneno makali. Shemeji yako mzima, anakoroma mpaka majirani wa upande wa pili wa ukuta wanadhani tumenunua mashine. Baba Mkubwa macho yamemwishia lakini ulimi bado upo. Kila siku anauliza habari zako, na kila siku namjibu kwamba kazi zimekubana. Nimechoka kumjibu hivyo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inakata. Barua hii ataileta yule dereva wa lori, jirani yetu wa zamani, ambaye anapita huko kwenu. Amenieleza na mambo mengine juu yako ambayo sikumuuliza. Nitayafikia.

Viatu ulivyotuma vilifika. Ni vizuri, vyekundu, vina bizimu ya kung'aa. Havimwingii binti yako. Ulinunua kwa mguu uliouacha, ndugu yangu, na mguu haukukusubiri. Nilitaka kumpa mtoto wa jirani, mwenyewe akavishika kwa mikono miwili akakataa. Ameviweka chini ya kitanda, ncha zikiangalia mlango.

Sasa nakuja kwake, maana najua macho yako yanamtafuta tangu mstari wa kwanza. Bibi Mdogo wetu, huyu uliyempa jina la mama akachukua na ukaidi wake, bado hasemi. Tangu tulipotoka kumzika mama yake, sauti ilikwenda isirudi. Anasikia vizuri, shuleni anaandika vizuri, akifurahi anacheka kwa mabega tu. Daktari alimmulika koo akasema koo halina tatizo, tumpe muda. Muda tumempa. Wewe ulisema utarudi kabla hajaanza shule, na sasa yuko darasa la pili.

Nikukumbushe jambo moja, na si kwa kukuchoma. Siku ya mazishi ulimbeba kifuani, ukamwinamisha kidogo amwone mama yake, ukamwambia, "Mama amechoka, anakwenda kulala." Kisha wakafunga kifuniko. Sikulaumu. Hata mimi ningesema hivyohivyo, mtu utamwambia nini mtoto wa miaka ile? Lakini mtoto aliyashika maneno yale.

Basi mwezi uliopita kanisani kwetu tulipata wageni. Ni kikundi cha watu wa Mungu kutoka mbali, wanaosafiri kutoka kanisa hadi kanisa, wiki moja hapa, wiki moja pale, wakifundisha walimu wa Shule ya Jumapili namna ya kuhudumia watoto. Mchungaji alipotangaza, nusura aruke mimbari. Tulipaka chokaa ukuta wa stoo ya nyuma, ile ninamofundishia, tukatoa spika mbovu na viti vilivyovunjika. Nikajiambia, haya, mgeni njoo mwenyeji apone.

Nisiwe mwongo, walitufundisha vitu. Tulizoea kumkalisha mtoto kwenye benchi saa nzima tukimwaga maneno juu ya kichwa chake. Wao wakasema, piga magoti, akuone usoni. Mzee wa kanisa, yule fundi seremala mwenye tumbo, aliruka kama chura mbele yetu sote akiimba wimbo wa safina, na kifungo cha shati kikamruka kikampiga Mchungaji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka hivyo siku nyingi.

Asubuhi tulifundishwa sisi, mchana wakaletwa watoto tufanyie mazoezi. Kilichowavuta watoto kilikuwa kikaragosi, yaani mdoli wa kuvaa mkononi kama glavu, ukichezesha vidole na mdomo unafunguka. Alikuwa punda wa kijivu, masikio marefu yameanguka pembeni. Watoto wakamwita Masikio, hata jina alilokuja nalo sikulishika. Aliyemvaa alikuwa dada mmoja mwenye madoadoa usoni, mpole, mwenye mikono inayojua kazi. Huyu watoto wakamwita Dada Madoa, naye alipotafsiriwa akacheka sana. Mkalimani alikuwa mwalimu wetu wa sekondari.

Kikaragosi nacho kina sheria zake, tukaziandika wote. Kwanza, hasemi neno la huzuni, kazi yake ni kumfurahisha mtoto. Pili, mtoto asimwone hata mara moja akiwa mtupu bila mkono, amelegea kama soksi, maana ataogopa. Kwa hiyo kila mara alitokea nyuma ya pazia akiwa amechangamka na kuishia nyuma ya pazia akiwa amechangamka. Tukaitikia ndiyo, ndiyo.

Siku ya tatu Bibi Mdogo alikaa pembeni, karibu na rundo la viti. Mwalimu alikuwa ametoka kunywa maji, kwa hiyo Dada Madoa hakuwa na wa kumtafsiria. Akapiga magoti akamsogeza yule punda taratibu mpaka kichwa chake kikalala juu ya goti la binti yako. Mimi nilikuwa benchi la jirani na mkasi wangu, nakata vitambaa vya kubandika kwenye ubao wa picha. Mtoto akamwekea mkono kwenye paji la uso, kama anavyopimwa mgonjwa, akasema, "Unaumwa?"

Ndugu yangu, mkasi ulinitoka mkononi. Sauti yenyewe imekauka kidogo, lakini ni yake. Dada Madoa wa watu hakuelewa alichoulizwa, akatingisha kichwa cha punda kuitikia ndiyo, maana ndivyo wanavyofundishwa, mtoto akikusemesha umkubalie. Basi mtoto akaanza kumpapasa masikio. "Pole," akamwambia. "Pole sana."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Nililia kwa furaha, na wivu ulikuwemo pia, nikufiche nini? Mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemsuka, niliyekesha naye akiwa na homa. Neno la kwanza akampa punda wa kitambaa.

Kesho yake akaongea zaidi, lakini na Masikio peke yake, mdomo ndani ya sikio. Mwalimu aliyekuwa karibu akaniambia alichosikia. Alimwambia punda kwamba ana viatu vyekundu ila vimekuwa vidogo. Alimwambia kwamba baba yake anatengeneza mageti. Alimwambia kwamba baba anakuja. Nyumbani kwetu akarudi kwenye kimya chake, lakini alikula chakula chote na akakimbilia kanisani kabla hajafunga kamba za viatu vya shule. Shemeji yako akaniambia, "Mama, huyu amerudi." Nikamwambia anyamaze asije akatuletea nuksi.

Ijumaa ilikuwa ya kufunga. Vyeti vina utepe, picha za pamoja, Mchungaji amevaa suti ya arusi yake. Wageni walikuwa wanaondoka moja kwa moja kwenda kanisa jingine, kwa hiyo pazia lilikuwa limekunjwa na kufungwa juu ya gari tangu asubuhi. Kilichobaki ni Masikio na sanduku lake la mbao la kusafiria.

Sasa fikiria. Pazia hakuna, na sheria inasema mtoto asimwone kikaragosi bila mkono. Dada Madoa angefanyaje? Akafanya kama alivyofundishwa kufanya popote pale. Akamweka Masikio akiwa bado amemvaa, akamlaza ndani ya sanduku huku anapunga kwato, ili autoe mkono chini ya kifuniko watoto wasione. Watoto wakaimba wimbo wa kuaga. Dada Madoa akasema neno, na Mwalimu akalitafsiri kwa sauti kubwa ya furaha: "Masikio amechoka, anakwenda kulala!" Kifuniko kikashuka.

Nilikuwa mlangoni nimeshika vyeti. Niliyasikia maneno yale na moyo ukaniambia kabla mtoto hajafungua mdomo. Nilisukuma watu, nikamkanyaga mzee seremala, sikufika. Mtoto alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima wala mtoto. Akalivamia lile sanduku akilipiga ngumi, "Msifunge! Msifunge!" Watoto wengine wakadhani ni mchezo, wakaendelea kuimba.

Dada Madoa alifungua haraka, akatia mkono, akamwinua Masikio amwonyeshe kwamba ni mzima, anacheka, anapunga. Mtoto hakutazama tena. Aliweka uso tumboni kwangu akanyamaza, na kimya hicho nilikitambua. Nilipomweleza Dada Madoa kwa mdomo wa Mwalimu habari ya mama yake, dada wa watu alikaa chini sakafuni na sketi yake nzuri. Alitaka kutuachia punda. Kiongozi wao akasema kwa upole kwamba kanisa la mbele linasubiri na punda ni mmoja. Akaondoka analia dirishani. Siwezi kumchukia. Alikuja kwa moyo mweupe akakanyaga kidonda ambacho hakuna aliyemwonyesha, na aliyepaswa kumwonyesha ni mimi.

Kilichonikera ni Jumapili yake. Mchungaji akasimama kushuhudia kwamba katika semina yetu bubu amesema, kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi nimekaa na huyo bubu mwenyewe, amejikunja ubavuni kwangu, na sasa hata kucheka kwa mabega ameacha. Baada ya ibada nilimwambia Mchungaji maneno mawili matatu. Sitayaandika hapa, karatasi yangu ni safi. Aliinamisha kichwa akaniomba radhi, na tangu hapo anapita kwetu kila Jumatano kumwombea mtoto bila kelele.

Na Shule ya Jumapili nayo imepwaya. Nina cheti cha utepe na watoto nusu ya wale niliokuwa nao kabla ya semina. Wanachungulia mlangoni wanauliza, "Masikio yupo?" Wakisikia hayupo wanakwenda zao kucheza mpira. Nawapigia magoti, nawaimbia, naruka chura na mguu huu mbovu. Wananitazama kwa huruma.

Ndipo nikasema, mimi si fundi? Nguo ngapi nimezitoa kwenye mashine hii? Nitashona Masikio wangu. Nilipekua vipande vyote dukani. Nina maua, nina mistari, nina sare za shule, kitambaa kizito cha kijivu sina. Nikainua macho nikaiona suruali yako.

Unaijua. Ile ya kijivu, ya kanisani, uliyoolea na uliyozikia, uliyoiacha imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango ukisema utaikuta. Imekaa hapo miaka yote, naipangusa vumbi na kuirudisha. Nikawaza, mwenyewe ameshanunua nyingine, na siku hizi hata kiuno hakitakubali. Nikaishusha, nikakata mguu mmoja juu ya goti. Masikio mawili, shingo, mdomo nikautia kitambaa chekundu ndani. Kusema kweli alitoka mzuri kuliko yule wa wageni.

Bibi Mdogo alitoka shule, akasimama mlangoni. Nikamvaa punda, nikamchezesha kidogo, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa. Hakumtazama punda. Alitazama msumari. Akaenda nyuma ya mlango akaupapasa ule msumari kwa kidole, kisha akaja, akamshika punda sikio, akalipindua, akaiona mishono ya pindo ambayo sikuifumua. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kunyamaza:

"Hii ni suruali ya baba."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Akauliza, "Sasa akirudi atavaa nini?"

Mdogo wangu, nimekaa na vikaragosi, nimekaa na vyeti, nimefundishwa na watu waliovuka dunia, na hilo hakuna aliyenifundisha. Kumbe miaka yote hiyo mtoto alikuwa anapita pale mlangoni akitazama kama suruali ipo. Ikiwepo, basi unakuja. Mimi nikaona kitambaa nikaingiza mkasi. Punda alikuwa bado mkononi mwangu na sheria inasema asiseme neno la huzuni. Nikamvua mbele yake, akalegea kama soksi, nikamweka mezani. Sikutaka kumjibu mtoto kwa mdomo wa punda.

Tangu siku ile hajasema tena. Lakini kimya hiki si kile cha zamani. Kile kilikuwa cha mtu aliyefunga mlango. Hiki ni cha mtu aliyeuliza swali na anasubiri. Ananifuata jikoni, ananifuata dukani, ananitazama mdomo.

Sasa nifikie ya dereva. Anasema huko una nyumba, na ndani ya nyumba kuna mwanamke, na mwanamke ana mtoto wa kifuani anayefanana na wewe paji la uso. Sijui. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sikuulizi, na wala sikutukani. Mjane naye ni mtu, upweke ni mzigo, na mimi si hakimu wako. Ningefurahi hata kumwona huyo mtoto, ni damu yetu.

Ninachotaka ni kimoja. Kama unakuja, nitumie vipimo vyako vya sasa. Kiuno, nyonga, paja, na urefu kutoka kiunoni hadi kisigino. Kata uzi, ufunge fundo kwenye kila kipimo, umpe dereva, sihitaji zaidi ya hapo. Nitakushonea suruali nyingine ya kijivu, nitaitundika kwenye msumari uleule, na mtoto atajua atavaa nini baba yake.

Na kama huji, usinitumie vipimo. Usinitumie viatu pia. Tafuta namna, piga simu ya shemeji yako Jumapili mchana, useme na mwanao kwa mdomo wako mwenyewe. Hatakujibu, utasikia pumzi tu, usikate. Mwambie ukweli wote, na usimwambie kwamba umechoka. Mimi sitakusemea. Kuhusu mama yake tulimdanganya, kuhusu punda wakamdanganya, kuhusu huyu baba yake anayeishi sitamdanganya.

Baba Mkubwa anakusalimu, anasema umletee fimbo ya kutembelea kabla hajaanza kutambaa. Shemeji yako anakusalimu. Mzee seremala anakusalimu, kifungo hakijaonekana mpaka leo. Mchungaji anakuombea kwa jina. Na huyo uliye naye, kama yupo, msalimu, mwambie wifi yake hana kinyongo naye.

Mungu akulinde na cheche, akufungue kifua, akupe moyo wa kufanya lililo gumu. Nakubariki kwa baraka zilezile alizokuachia mama.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Mama Cherehani.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi nikaifungua tena. Bibi Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya bega langu muda huu wote, na kusoma anajua. Sijui ameanza mstari gani. Amechukua futi yangu ya kupimia akaivaa shingoni kama fundi, na sasa ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, chini ya msumari, anamsubiri dereva aende arudi.